Wa Kumi na Saba

Lau ningeandika riwaya ambayo mkimbiaji wa Singida anakata kilomita 42 na ushei, halafu anampita Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, mhariri angenirudishia muswada huku anacheka. Eti, kijana, punguza chumvi! Basi ndivyo ilivyokuwa Tokyo, Septemba 15, 2025. Alphonce Felix Simbu na Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Simbu mwenyewe hakujua kama kashinda mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja. Bayi na Nyambui walileta fedha kutoka Moscow mwaka 1980, lakini dhahabu ya dunia hatukuwa nayo. Ikaletwa na mwanajeshi aliyezaliwa 1992 huku huku kwetu, kwenye mawe na upepo.

Ila mimi, ndugu msomaji, picha ile hainikamati sana. Ninachokipekua ni miaka ya kabla. Rio 2016, wa tano. London 2017, shaba, kwa 2:09:51. Hapo unasema, aah, mambo yamekaa sawa. Wapi! Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, wa saba. Paris 2024, wa kumi na saba. Jamani, wa kumi na saba! Mpaka ufike namba hiyo mtangazaji keshahamia taarabu. Miaka minane kati ya shaba na dhahabu, na ukilinganisha muda wa mbio hizo mbili, tofauti ni sekunde tatu tu. Asubuhi ya baada ya Paris aliamkaje? Hiyo ndiyo sura ningependa kuiandika.

Mimi huu ni mwaka wa tano tangu nimalize kidato cha nne. Mchana nabeba magunia ya alizeti kwa baiskeli ya mjomba, usiku naandika. Baba kanipa muda hadi mavuno yajayo: riwaya iishe, au niende Dar kwa shangazi nikauze duka. Nilipomsimulia habari za Simbu alisikiliza vizuri tu, kisha akauliza:

"Miaka yote hiyo alikuwa anakula wapi?"

"Jeshini, baba."

"Haya. Na wewe jeshi lako lipi?"

Sikuwa na jibu. Nimeliweka swali lake mdomoni mwa baba wa shujaa wangu, sura ya tisa, na shujaa naye mpaka sasa kanyamaza.