Namba Haili Yamini

Nimekuwa mwanaprogramu tangu enzi za simu za Nokia za vibonye, na kwa sehemu kubwa ya muda huo niliishi kwa itikadi ambayo sikuwahi kuitamka mbele ya mtu: kwamba watu wakizozana, basi kuna hesabu fulani haijafanywa sawasawa. Ifanyeni hesabu, zogo litakwisha. Itikadi hiyo niliingia nayo msikitini, nikaingia nayo kwenye siasa. Sasa sinayo, na ushuhuda huu ni wa jinsi ilivyoniponyoka.

Ilianza na namba 19. Vijana wa Kiislamu wa rika langu pale Mombasa tulikua na kanda za Ahmed Deedat, mhubiri wa Durban aliyekuwa akihojiana na wachungaji jukwaani kwa Kiingereza cha kukata na shoka. Alikuwa pia na kijitabu kuhusu muujiza wa 19: Bismillahi ina herufi 19, sura za Qurani ni 114, yaani 19 mara 6, na kadhalika mpaka mtu apigwe na butwaa. Chanzo cha hesabu hizo kilikuwa Rashad Khalifa, Mmisri msomi wa biokemia aliyeishi Tucson, Marekani, ambaye aliitumia kompyuta kuhesabu herufi za Qurani na kuutangaza uvumbuzi wake mwaka 1974. Kwa kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amejifunza kuandika programu, habari hii ilikuwa tamu kuliko halua. Dini yangu na mashine yangu zimekutana, na mashine imetoa hukumu upande wetu!

Nilipomfuatilia Khalifa zaidi ndipo utamu ulipogeuka. Hesabu yake ilifika mahali ikagoma. Aya mbili za mwisho za Sura ya Tawba zilikuwa zikiiharibu, naye akaamua kwamba aya hizo ziliongezwa na watu, akaziondoa. Baadaye akadai kuwa yeye mwenyewe ni mjumbe wa Mungu. Aliuawa msikitini kwake Tucson mwezi Januari 1990, jambo ambalo halina utetezi. Lakini kilichonikosesha usingizi mimi ni zile aya mbili. Kila mwanaprogramu anaujua ule ushawishi: jaribio limefeli, programu unaipenda, basi unaitazama data kwa jicho baya. Futa safu mbili tu, kila kitu kitakaa sawa.

Imani niliyokuwa nimeining'iniza kwenye kikokotoo ikabaki hewani. Kwa miaka kadhaa nikawa Mwislamu wa Ijumaa na Idi, na kwenye makundi ya wenzangu wa kazini nikawa mwepesi wa kuwacheka wazee.

Katika kipindi hichohicho, na hapa kuna kichekesho kidogo, niliandika programu ya nyakati za swala. Dini haikuwa na sehemu kubwa katika uamuzi huo. Hesabu yake ndiyo iliyonivuta, kwa sababu ni nzuri mno. Mombasa na Makkah ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, hivi kwamba kibla chetu ni kaskazini kabisa, tofauti yake haifiki nusu digrii. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya digrii 45, nasi tuko karibu na 40, kwa hiyo adhuhuri yetu huchelewa kwa wastani wa dakika 21 baada ya saa 6 kamili. Na hata huo ni wastani tu: katikati ya Februari jua hupinduka kama saa 6:35, mwanzoni mwa Novemba kama saa 6:05. Haya yote programu huyatoa kufumba na kufumbua, bila kumuuliza mtu.

Kisha ukifika kwenye alfajiri, programu ndiyo inayokuuliza wewe. Jua liwe digrii ngapi chini ya upeo ndipo tuseme alfajiri imeingia? Mamlaka ya Upimaji ya Misri hutumia 19.5. Kalenda ya Umm al-Qura ya Makkah hutumia 18.5. Kule Amerika Kaskazini wengi wametumia 15. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, kati ya 15 na 19.5 kuna kama dakika 18 au 20, yaani mtu mmoja anakula daku na jirani yake ameshafunga. Nilitafuta jibu sahihi kwenye vitabu vya falaki, nikakuta kwamba mwisho wa kila namba kuna watu waliosimama gizani, wakatazama mashariki, wakasema: sasa. Wengine wenye macho mengine, mahali pengine, wakasema mapema au baadaye kidogo. Hesabu yangu yote ya sini na kosini ilikaa juu ya neno la mashahidi nisiowajua.

Ami yangu, maalimu wa madrasa Mji wa Kale, hakushangaa nilipomweleza. Yeye alikuwa na lake, nalo ni mwezi. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo: kila Ramadhani kuna wanaofunga na Saudia, kuna wanaongoja tangazo la Kadhi Mkuu, kuna wanaongoja uonekane kwao wenyewe kwa sababu kila mji una matlai yake, yaani mwandamo wake wa mwezi. Mtaa mmoja, Idi mbili. Mimi nilikuwa na dawa tayari. Saa ambayo mwezi na jua hukutana inajulikana miaka mia mbele, tena kwa dakika, na inajulikana pia kwamba mwezi wenye umri wa chini ya saa 15 ni nadra sana kuonekana kwa macho matupu. Nikamchorea ramani ya dunia ikionyesha wapi utaonekana na wapi hautaonekana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "hesabu yako nimeikubali. Mimi pia nina kalenda. Sasa niambie, akija mtu usiku huu akasema ameuona, nawe hesabu yako inasema hauonekani, utamfanya nini?"

"Nitamwambia amekosea, ami."

"Utamwambia nani? Utakuwa wapi?"

Nilidhani ananizungusha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiuliza swali la kiufundi. Katika madhehebu ya Shafi tunayofuata pwani, shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuingiza Ramadhani, na kuitoa huhitaji wawili. Shahidi huyo anakaa mbele ya kadhi. Anaulizwa alisimama wapi, mwezi ulielekeza pembe upande gani, ulikuwa kulia au kushoto kwa jua. Watu wanamjua, wanamjua na babake. Akisema uongo, atakutana nao kesho sokoni. Huo ni utaratibu kamili wa kupokea habari kutoka mbali na kupima kama inaaminika, uliotungwa na watu waliojua vizuri kwamba binadamu hudanganya na hukosea. Nami nilikuwa nimeuita ujinga wa kutojua falaki.

Hesabu inaweza kumsaidia kadhi. Shahidi anayedai kuona mwezi wakati mwezi umeshatua kabla ya jua, ushahidi wake wapaswa kukataliwa, na nitalitetea hilo popote. Lakini watu wa Mombasa wanaoshindana kuhusu Idi hawashindani kwa sababu ya kukosa ramani yangu. Wanabishana nani ana haki ya kusema kwa niaba yao wote. Ramani haina jibu hapo.

Siasa ilinifundisha jambo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi, na polepole zaidi, kwa kuwa kwenye siasa nilikuwa na wenzangu wengi wa kuniunga mkono. Nairobi ya baada ya M-Pesa ya 2007 ilikuwa na kiburi chake. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, programu ya Ushahidi ilitengenezwa ili watu watume taarifa za vurugu na kuziona kwenye ramani, na dunia nzima ikaiga. Kwetu sisi wanaprogramu, somo lilionekana wazi: kura ziliharibiwa na mikono ya watu, basi mikono iondoke, mashine iingie.

Machi 2013 mashine ikaingia. Vifaa vya kuwatambua wapiga kura vikazimika katika shule zisizo na umeme wa kuvichaji. Kwenye skrini kubwa ya Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura, kura zilizokataliwa zikazidi laki tatu, mpaka mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Isaack Hassan, akaeleza kwamba programu ilikuwa na kosa lililozizidisha kwa nane. Kwa nane! Tulilijadili hilo kwa wiki nzima tukila chips, kila mmoja na nadharia yake kuhusu mstari gani wa msimbo uliozaa ile nane. Upitishaji wa matokeo kwa mtandao ukaachwa, wasimamizi wakabeba fomu kwa ndege hadi Nairobi. Hitimisho langu la wakati ule: programu ilikuwa mbovu, tuandike nzuri.

Ya 2017 ilikuwa nzuri zaidi. Ndiyo inayoniuma zaidi. Chris Msando, aliyekuwa akisimamia teknolojia ya uchaguzi ndani ya Tume, aliuawa siku chache kabla ya kura ya Agosti 8. Namba zikamiminika skrinini kwa kasi safi kabisa, lakini fomu za vituo zilizotakiwa kuandamana nazo hazikuonekana zote. Tume ilikuwa imesema vituo zaidi ya 11,000 kati ya 40,883 viko nje ya mtandao wa 3G. Mahakama ya Juu ikaamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, agizo halikutekelezwa ipasavyo, na Septemba mosi Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, wakaufuta uchaguzi wa rais.

Mitaani ikazuka kauli ya kutaka seva ifunguliwe, na mimi, mtu wa seva, nikajikuta sina la kuwaambia. Tuseme ingefunguliwa. Mama wa Likoni angeona nini ndani yake? Angehitaji mtu kama mimi amsomee kumbukumbu za mfumo, naye angelazimika kuniamini mimi. Tulikuwa tumeuhamisha uchaguzi kutoka kwa karani anayejulikana mtaani, tukaupeleka kwa karani asiyeonekana anayesomwa na watu wachache. Na tuliita hiyo uwazi.

Kilichofuata 2022 sikukitabiri. Tume ilichukua picha za Fomu 34A, zile karatasi za kila kituo zilizoandikwa kwa kalamu na kutiwa sahihi na mawakala wa vyama, ikazibandika hadharani ili yeyote azipakue. Vituo 46,229. Teknolojia yenyewe ilikuwa ya kawaida mno, nusura niseme ya kuchosha: picha za karatasi. Lakini barazani kwetu nilimwona mzee ameishika simu ya mjukuu wake, anakuza picha ya fomu ya kituo alichopigia kura, anasema, "Hii sahihi ya fulani, mwandiko wake naujua." Sikuwahi kuona programu yoyote niliyoiandika ikimpa mtu uhakika wa namna ile.

Haikuleta maafikiano, nisije nikaonekana nimepata dawa nyingine. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi ikaenda tena Mahakama ya Juu, na Septemba 5 majaji wote wakaitupa, wakisema fomu zilizobandikwa hazikutofautiana kwa kiasi cha maana na zile za asili. Wapo ndugu zangu wasiokubali hadi leo. Ila siku hizi ukimwambia asiyekubali, "Nionyeshe kituo gani," swali hilo lina maana. Mwaka 2017 halikuwa nayo.

Kwa hiyo msimamo wangu wa kisiasa kuhusu teknolojia umekuwa mfupi na wa kizee: nautaka mfumo unaomrahisishia mtu wa kawaida kukagua na kusema kwa jina lake, na nautilia shaka ule unaomwomba akae kimya aamini. Nadhani hata wenye madaraka wanaujua mpaka huo. Mwishoni mwa Mei 2025 mwanaprogramu mmoja wa Nairobi alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa uliowawezesha wananchi kutuma pingamizi zao za Mswada wa Fedha bungeni kwa barua pepe. Programu yenyewe mwanafunzi angeweza kuiandika. Ilipeleka maneno ya watu mahali palipotangaza kwamba panayapokea. Akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao, na mwezi uliofuata mahakama ikasema mashtaka hayo hayaonyeshi kosa lolote.

Na dini? Nimerudi kwenye safu, na sina muujiza wa namba wa kukupa. Nikiona ujumbe wa WhatsApp unaothibitisha Qurani kwa hesabu au kwa sayansi ya wiki iliyopita, naupita bila kuusambaza, hata ukitoka kwa shangazi. Programu ya nyakati za swala bado ipo, nimeongeza mahali pa mtu kuchagua digrii za alfajiri kulingana na msikiti wake. Tarehe ya Idi haitaji. Huandika tu saa ya mwezi kutua na kwamba tangazo linangojwa, na kila mwaka napata malalamiko.

Vijana wa kazini sasa wanajiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 2027. Wanataka kura ziwekwe kwenye blokicheni. Nawauliza nani atabonyeza kitufe pale kituoni, na nani atakuwa amesimama karibu naye akimtazama. Mmoja wao, binti mwepesi wa fikra, alinijibu juzi kwamba mawakala hununuliwa, tena kwa bei ya chakula cha mchana, na kwamba ninawapamba mashahidi kama nilivyokuwa nikiipamba mashine. Nilimwambia kweli, hununuliwa. Ndiyo maana sheria inaviruhusu vyama vinavyoshindana kuweka kila kimoja wakala wake, na ndiyo maana nataka kila fomu ionekane na kila mtu usiku uleule: kumnunua mmoja ni rahisi, kuwanunua wote waliomo chumbani pamoja na jirani mwenye simu ni bajeti nyingine. Akasema atatengeneza kifaa cha kusoma mwandiko wa fomu hizo na kuzijumlisha. Nikamwambia aache nafasi ya picha kando ya kila jumla, tukaanza kazi.