Zilipoisha H Kubwa

Habari yenyewe ilituingilia kwa mlango wa nyuma. Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1776, gazeti la serikali, London Gazette, lilichapa barua ya Jenerali Howe, kamanda wa majeshi yetu Amerika, aliyoiandika Staten Island mwezi wa Julai, na humo ndani mlikuwa na sentensi moja tu: amearifiwa kwamba Kongresi ya makoloni yetu ya Amerika imeyatangaza kuwa mataifa huru. Nilikuwa na miaka 16, mwanagenzi katika kiwanda kimoja cha uchapaji jirani na Fleet Street, wala sikuona mtu aliyeacha kazi yake kwa ajili ya sentensi ile. Fundi wangu aliisoma huku anatafuna mkate na jibini. Akalikunja gazeti. "Hawa walishajitoa zamani," akasema, "leo ndiyo wameandika."

Hakukosea. Damu ilikuwa imeanza kumwagika Lexington tangu Aprili 1775, na Agosti ya mwaka huo mfalme mwenyewe alishawatangaza kuwa waasi.

Wiki haikupita tangazo zima la uhuru likawa mikononi mwa wachapaji wa London. Sisi tulilipanga tulitoe kama kijitabu. Siku hizi nawasikia vijana wakilisifia maneno yake ya mwanzo, yale ya usawa wa binadamu, nami hucheka moyoni, maana aliyelipanga kwa mkono anajua kwamba sehemu ile ni fupi. Kilichobaki ni hati ya mashtaka: mabaraza yaliyovunjwa, majaji waliotiwa mfukoni, watu waliolundikiwa askari, kodi. Na karibu kila shtaka linaanza na neno lile lile, "yeye", ambalo kwa Kiingereza chetu huanza na H. Yeye amefanya hivi, yeye amekataa vile. Kabla sijafika katikati, kisanduku cha H kubwa kilikuwa kitupu kabisa, nikapekua pembe zake kwa ukucha kama mtu anayetafuta punje ya mwisho ya chumvi. Nikatumwa kuazima kiwanda cha jirani. Mwanagenzi wa huko akaangua kicheko: zao pia zilikuwa zimeisha, na walikuwa wanapanga tangazo hilo hilo.

Jioni fundi akaipitia prufu kwa kalamu. Kila palipotajwa mfalme kwa ubaya akapakata, na palipotajwa udhalimu akapakata. "Hapa weka vistari," akaniambia. Uchochezi ulikuwa kesi, na hakuwa anaogopa kivuli: mwaka uliofuata John Horne alihukumiwa kifungo cha miezi 12 na faini ya pauni 200, kwa tangazo la gazetini tu la kuwachangia wajane na mayatima wa Lexington na Concord. Nikaweka vistari. Lakini ukurasa mzima ulikuwa umejaa "yeye", nami nilikuwa mtoto wa maswali.

"Fundi, na huyu yeye?"

"Yeye nani?" akasema, macho juu ya karatasi. "Mimi simjui."

Mkahawani, nilikopeleka prufu, zogo lilikuwa la aina nyingine. Shemeji yangu, karani wa mfanyabiashara wa tumbaku, alikuwa na swali moja tu: uhuru wameutangaza, na madeni ya Virginia atalipa nani? Wengine walifurahia kuwakamata Wamarekani kwa maneno yao wenyewe. Thomas Hutchinson, aliyekuwa gavana wa Massachusetts na wakati huo akiishi kwetu, alitoa kijitabu mwaka ule ule akiwauliza wajumbe wa makoloni ya kusini: kama uhuru hauwezi kunyang'anywa, wale Waafrika zaidi ya laki moja wamenyang'anywa vipi? Swali lilipigiwa makofi. Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa. Kijana aliyekuwa akiwahudumia, Mwafrika, alimsogezea bakuli la sukari kimya kimya. Mzee alikuwa na hisa katika mashamba ya miwa Jamaica. Akatia vijiko viwili.

Serikali ya waziri mkuu, Lord North, nayo ikajibu, kwa kalamu ya mwanasheria John Lind, katika kitabu cha kurasa zaidi ya 100 kinachochambua shtaka moja baada ya jingine. Usawa wa binadamu ulipata kurasa chache mwishoni. Nilikiona kigumu kumeza, ingawa kiliuzika. Oktoba ikafika habari kwamba Howe amewachapa waasi huko Long Island, London ikashangilia, na kwa wiki kadhaa tangazo lile likawa karatasi ya kufungia jibini. Miaka mitano baadaye, Novemba 1781, ikaja habari kwamba jeshi letu limesalimu amri Yorktown. Fundi alikuwa kitandani, hakuinuka tena. Nilimsomea. Akauliza kama tumeongeza H.

Sasa ni 1820, nina miaka 60, na bado napanga, ingawa kwa miwani. Mfalme George alifariki Januari 29, kipofu, akili zimemtoka siku nyingi. Habari ya msiba nilipewa mimi, yenye mistari myeusi pembeni. Jina lake nililipanga kamili, bila kistari hata kimoja. Aya ya pili ilianza na "yeye", na ya tatu vivyo hivyo. Nikasimama, nikavuta kisanduku karibu na mshumaa, nikazihesabu H kwanza.