Mipasheni Yako Haina Njaa

Mukurweini, Nyeri
Mwishoni mwa Februari

Mwanangu mpendwa,

Huku jua linawaka, nasi tunangoja mvua ya njahi, yaani masika. Uliponipigia simu ulilalamika kwamba mipasheni yako imetimiza mwaka na hujauza hata kilo moja, nami nikakuahidi kupita kuiangalia. Nimepita. Niliyoyaona hayasemeki kwa simu, hasa na wewe unayeongea nami huku ukimjibu mtu mwingine ofisini, kwa hiyo nimeketi kuandika.

Mimea imenawiri kupita kiasi, na hapo ndipo penye taabu. Majani ni mapana na ya kijani kizito, matawi yamejisokota juu ya waya hadi chini yake kuna giza mchana. Kijana wako wa shamba aliniambia kwa fahari kwamba umemwagiza amwage samadi kila mwezi, kisha aongeze mbolea ya CAN. Hapa kwetu karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa zizini, samadi haitafutwi, na kitu kisichotafutwa hakipimwi. Lakini naitrojeni ikizidi, mpasheni hurefusha matawi na kusahau maua. Mwambie aache CAN mpaka maua yaonekane. Samadi iliyooza vizuri itiwe mara moja, mvua ikianza. Jivu la kuni nalo lisitupwe. Konzi moja au mbili kuzunguka kila shina zitasaidia, kwa kuwa lina potasiamu, na tunda la pasheni linaihitaji sana. Ile chupa ya dawa ya kuleta maua uliyouziwa huko mjini, iache palepale kwenye rafu.

Kisha kuna kukata, na najua kwa nini hukukata. Umelelewa katika kahawa. Babu yako alimfokea kila aliyegusa tawi changa la SL28, na alikuwa na haki, kwa sababu kahawa huzaa kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia: ukikata la mwaka huu, umekata mavuno ya mwaka ujao. Pasheni ina tabia nyingine kabisa. Ua lake hutokea kwenye kwapa la jani, kwenye tawi linalokua sasa hivi, kwa kawaida ua moja kwa kila kifundo. Kifundo kilichokwisha kuzaa hakirudii. Tawi kuukuu likiachwa pale, kazi yake ni kuyazibia jua machipukizi ambayo yangekupa maua.

Wenye bustani za maua Ulaya wana ubishi uleule kuhusu klematisi, mmea wao wa kupanda ukutani. Kuna zinazochanua mapema kwenye matawi ya mwaka uliopita, na kuna zinazochanua kiangazi kwenye matawi mapya. Anayezikata sana zile za kwanza wakati wa baridi hujinyima maua ya mwaka huo. Asiyezikata zile za pili hupata maua machache kileleni na vijiti vitupu chini. Hata sisi tuna klematisi za porini, umeziona tangu utotoni: zile zinazotambaa juu ya michongoma zikiwa na maua meupe, kisha mbegu zake huota manyoya kama ndevu za mzee. Pasheni yako, kwa tabia, iko upande wa zile za pili. Tofauti ni kwamba wao hupangiwa na majira ya baridi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 hivi Januari hadi Desemba, kwa hiyo kinachouamsha mmea ni mvua na mkono wa mwenye shamba.

Kata basi, kabla mvua haijashika. Shina kuu na ile mikono miwili iliyolala juu ya waya usiiguse. Matawi yanayoning'inia kutoka kwenye mikono hiyo ndiyo ya kukatwa, kila moja libakizwe vifundo viwili au vitatu. Usiyavute siku hiyohiyo, maana yana zile nyuzi za kujishikia na utang'oa hata machipukizi mazuri. Yaache yaning'inie mpaka yanyauke, ndipo uyatoe taratibu. Na chombo cha kukatia kichovywe kwenye maji yenye Jik kila unapohama shina moja kwenda jingine. Kuna ugonjwa wa virusi unaofanya ganda la tunda kuwa nene na gumu. Vidukari huusambaza, na kisu kichafu nacho husambaza.

Upande wa chini, karibu na mti wa makadamia, nimeona jambo jingine. Miche yako ni ya kubebeshwa, pasheni ya zambarau juu ya shina la ile ya manjano, ili mizizi istahimili mnyauko. Sasa baadhi ya mashina yamechipua chini ya kiungo na hakuna aliyeyapogoa. Utayatambua kwa wekundu kwenye vitawi na kwenye nyuzi za kujishikia. Ile ya zambarau ni ya kijani tupu. Hayo machipukizi ya chini yana nguvu kuliko mwenzao wa juu, na yakiachwa yatammeza. Yaondoe yote. Huo mti wa makadamia ni wa jirani, kwa hiyo nenda ukaongee naye kwa adabu kuhusu matawi yaliyovuka mpaka. Kivulini pasheni haichanui vizuri.

Maua yakija, jihadhari na dawa za wadudu. Ua la pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Mfanyakazi wake bora ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, kwa sababu nyuki wa asali ni mdogo, mara nyingi huchukua chavua na kwenda zake bila kugusa panapotakiwa. Ikibidi kunyunyiza, iwe jioni. Na yale magogo makavu yaliyo nyuma ya zizi, niliyosikia unataka yachomwe, yaache. Nyuki hao huzaliana humo.

Ua likishika, tunda huiva baada ya siku 70 hadi 80, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Tukikata sasa, matawi mapya yatakua na mvua ya njahi yote. Tukingoja Juni, yatachipuka katika mawingu na baridi ya gathano, na utanipigia simu tena mvua ya mwere, yaani vuli, ikinyesha, ukilalamika vilevile.

Njoo Jumamosi. Leta makasi mawili ya kupogolea, kwa maana kijana wako ana panga tu, na panga hupasua tawi. Mimi nitashika safu za juu, wewe za chini, na ukija na vile viatu vya ofisini utafanya kazi miguu mitupu.

Ni mimi,
Shangazi yako