Lita 130 na Doti 11 za Bibi

Buti la Mazda MX-5 linabeba lita 130. Ili upate picha: sanduku kubwa la ndege, lile la kilo 23, peke yake ni karibu lita 100, na hata hivyo haliingii, kwa sababu mdomo wa buti ni mdogo na sanduku lina pembe ngumu. Kiti cha nyuma hakuna. Ile droo ya mbele ya abiria hakuna. Gari langu halina hata tairi la spea. Unapewa chupa ya gundi na kipampu cha umeme, mengine unamwachia Mungu.

Nilipotaja kwenye kipindi kwamba nimekwenda nalo Salalah kutoka Maskati, kilomita kama 1,000 kwenda tu, tena na Mama, swali lilikuwa moja: mizigo mliiweka wapi? Basi jibu ni hili, refu kidogo kuliko mlivyotaka.

Sisi tuliolelewa na wazazi waliozaliwa Unguja hatujui mzigo mdogo. Kwetu mzigo si wa msafiri, ni wa wanaomsubiri. Ukienda Zanzibar, nguo zako zinabanana kwenye begi la mkononi; sanduku ni la watu. Halwa ya huyu, dawa ya magoti ya yule, kanzu za watoto ambao hujawahi kuwaona. Ukirudi, karafuu, visheti, na papa mkavu aliyefungwa mara nne asinuke. Sasa chukua malezi hayo uyaingize kwenye lita 130.

Nilipanga kwenda peke yangu, mwezi wa saba, wakati wa khareef, msimu wa manyunyu ya Dhofar. Maskati inaungua, Salalah iko kijani na baridi yake tamu. Mama akasikia, akasema, "Na mimi nakuja." Kaka yangu akajitolea Land Cruiser yake, watu saba, buti kama chumba. Mama akakataa. "Kaka yako akija atataka kuwa hakimu. Gari la mwanangu lina viti viwili, panatosha."

Hapo ndipo nilipoelewa safari imebadilika. Bibi alifariki miaka mitatu iliyopita, akaacha doti 11 za kanga, nyingine alizinunua kabla hajaondoka Unguja. Matangani Khala aliziulizia. Mama akasema si sasa. Khala akarudi kwake Salalah, na tangu siku ile mazungumzo yao yakawa ni salamu za Idi kwenye WhatsApp, mstari mmoja, na picha ya maua. Watu wanadhani ndugu wanagombania nyumba na mashamba tu. Wangu walinyamaziana kwa ajili ya kanga zilizokaa kabatini.

Usiku wa kufunga mizigo Mama alitandaza masanduku mawili sebuleni. Kazini mimi ni mhandisi, kwa hiyo nilikuja na jedwali la Excel. Kwanza vile ambavyo havina mjadala: maji lita kumi, kwa sababu baada ya Adam ni jangwa tupu na joto linapita digrii 40. Kipampu na gundi ya tairi, ambayo inaziba tundu la msumari lakini tairi likichanika ubavuni haisaidii kitu. Tochi, chaja, msala. Na insulini ya Mama.

Insulini ilipewa nafasi kabla ya mtu yeyote. Haiwekwi buti, maana gari likisimama juani buti linakuwa tanuri. Inakaa mbele, kwenye kifuko cha baridi, tena isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika sawasawa na iliyopigwa na joto. Vizito vyote, kama maji, chini kabisa na karibu na viti. Gari jepesi namna hii ukilijaza uzito nyuma utalisikia kwenye kona. Na hakuna kitu kinachowekwa huru nyuma ya vichwa. Ukifunga breki za ghafla, chupa ya maji inageuka jiwe.

Vilipokwisha kuingia hivyo, nafasi iliyobaki ilitosha kitu kimoja: nguo za Mama au kanga za Bibi. Nikampa wazo, abebe nusu ya kanga na nusu ya nguo.

Mama alikaa kimya kidogo. Halafu akaanza kutoa nguo zake sandukuni, moja moja, anarudisha kabatini.

"Nikienda na nusu," akasema, "ataona nimeshachagua nzuri nikaziacha nyumbani. Zende zote. Achague yeye."

"Na wewe utavaa nini?"

"Ntavaa za Khala yako. Tangu Ng'ambo tukivaliana."

Vile vifuko vya kupangia nguo nilivyonunua mtandaoni alivitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi. Akatandaza kanga moja sakafuni, akazikunja nyingine kwa kuziviringisha, akafunga ncha kwa ncha. Furushi. Yakawa mafurushi manne. Na hapa, wenzangu wenye magari madogo, ndipo penye somo: furushi halina pembe. Unalisukuma pembeni, linajaza kishimo ambacho sanduku haliwezi kukigusa, na juu yake unaweka jingine. Lita zangu 130 kwenye Excel ziliisha mapema. Za Mama zilikuwa bado zinapokea. Kanga moja aliiacha mbele. Kwa siku mbili ilikuwa pazia la kioo cha ubavuni, shuka ya magoti AC ikizidi, mtandio wa kusalia, na taulo.

Tuliondoka baada ya Alfajiri. Nizwa, Adam, kisha ile barabara iliyonyooka mpaka unasahau usukani ni wa nini. Kiti cha MX-5 kiko chini sana, na magoti ya Mama si ya juzi, kwa hiyo tulisimama kila baada ya kilomita 150, anyooshe miguu, na mimi niongeze mafuta hata kama tangi halijafika nusu. Tulilala Haima. Usiku sikuendesha, kwa ajili ya ngamia. Kwenye gari la chini kama lile, ngamia anakuja usawa wa uso wako. Paa tulilifungua mara moja, alfajiri tukitoka Haima, na Mama akashika mtandio kwa mikono miwili akicheka. Baada ya Thumrait barabara ikaingia milimani, ukungu ukatumeza, joto likashuka mpaka tukazima AC.

Khala alitoka mlangoni, akalizunguka gari. "Mizigo yenu iko wapi?"

"Ndiyo hii," Mama akasema, akamkabidhi furushi la kwanza.

Wakaingia chumbani, wakafunga mlango. Mimi nikaenda kuosha gari, ambalo halikuwa chafu kiasi hicho. Waliyozungumza ni yao. Najua tu kwamba asubuhi yake Mama alitoka na dera la Khala, limembana kidogo mabegani, na kwamba doti ziligawanywa tano kwa tano. Ya kumi na moja ilikuwa bado haijakatwa, vipande viwili vimeshikana kama ilivyotoka dukani. Khala akaleta mkasi. Kila mmoja akachukua upande wake. Maandishi yake sitayataja, ni baina ya dada wawili na mama yao.

Kurudi, mafurushi yalikuwa mawili. Nafasi ikajaa ndizi za barabarani na ubani wa Dhofar, ambao mpaka leo gari linaunukia. Madafu tuliyaacha, dafu nalo, kama sanduku, halina adabu kwenye buti dogo.

Khala anakuja Maskati mwezi wa kumi na mbili, kwa ndege. Juzi alipiga simu kuuliza alete nini. Mama hakuangalia hata kabati.

"Njoo mikono mitupu," akamwambia. "Nguo zipo."