Pembe Zilipita Hapa

Safari ya kwanza ya shule katika maisha ya mwandishi wa makala haya haikuwa na basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, darasa zima la tano lilikaa chini ya mwembe wa stesheni ya Igalula tangu adhuhuri, kila mtoto na kifuko chake cha michembe na karanga, likisubiri treni ya kwenda Kigoma ambayo bwana stesheni alikwisha kusema kuwa imekwama Malongwe. Hakuna aliyerudi nyumbani. Treni ilipoingia, giza lilikuwa limeshatanda, na walimu wawili wakahesabu watoto mlangoni mwa behewa la daraja la tatu kwa kugusa vichwa, kimoja kimoja.

Walilala Tabora, juu ya mikeka, sakafuni mwa darasa waliloazimwa. Kulipokucha wakashika njia kwa miguu hadi Kwihara, kusini magharibi mwa mji, kuliona tembe ambamo Livingstone na Stanley waliishi pamoja mapema mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka uliotangulia. Stanley akarudi pwani mwezi Machi; Livingstone akabaki hadi Agosti, akisubiri wapagazi. Mwalimu aliyasimulia hayo upesi upesi. Alichotaka watoto wakione si nyumba, ni njia. Akawasimamisha uani, akageuka kutazama mashariki, akanyoosha mkono kuelekea kwao.

"Wote waliokuja huku kutoka Bagamoyo walipita kwetu. Tura, Rubuga, Kigwa. Na waliorudi pwani walirudi na pembe."

Tura na Kigwa mpaka leo ni kata za wilaya ya Uyui, kama ilivyo Igalula. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857 wakielekea Kazeh, ilipo Tabora ya leo, na misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi wenyewe ilikuwa imeizoea njia hiyo kabla yao. Kabla ya kufika Tura msafara ulilazimika kuvuka Mgunda Mkali, pori la miiba na kiu, na aliyekosea hesabu ya maji hapo hakupata nafasi ya kuirudia. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua kupanga safari. Waliondoka baada ya mavuno, mito ikiwa imepungua, wakajitahidi kuwa nyumbani mvua zikianza, wakati wa kulima. Mbele alitangulia kirangozi. Begani kwa kila mwenye nguvu palikuwa na mzigo, na mzigo wenye heshima kuliko yote ulikuwa pembe ya ndovu.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na tembo wenyewe wako wapi?"

Mwalimu akajibu, "Ugalla." Katika darasa lile hapakuwa na aliyewahi kumwona tembo.

Mwandishi alipokuja kuwa mwalimu na kupangiwa shule ya msingi upande uleule wa reli, miaka ya 1990, alilikuta swali lile bado linamsubiri. Wakati huo kulikuwa na Malihai, mtandao wa klabu za wanafunzi za uhifadhi ulioanzishwa nchini mwaka 1980, miaka kumi na miwili baada ya Kenya kuanzisha klabu zake za wanyamapori. Klabu ya shule yake ilikuwa na kitalu cha miche ya mininga, mizinga minne ya magome iliyotundikwa porini, na daftari moja lenye jalada gumu. Humo ndimo alimoandika safari yake ya kwanza ya kupanga mwenyewe: Saanane.

Kisiwa cha Saanane, mbele kidogo ya mji wa Mwanza, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza ya Serikali nchini. Tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 2.18 tu, maji na nchi kavu pamoja. Kwa mtoto wa Igalula kilikuwa na jambo moja kubwa: kilifikika kwa treni. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikuwapo tangu mwaka 1928. Unapanda Igalula, unashuka Tabora, unasubiri mabehewa ya Mwanza yapangwe, unasafiri usiku, na mchana unavuka kwa boti dakika chache.

Mpango wa safari hiyo ulichukua karibu mwaka mzima, na uzuri wake ulikuwa hapo. Asali ya mizinga minne iliuzwa kwa abiria madirishani mwa treni, chupa kwa chupa. Wazazi hawakutajiwa kiasi cha fedha, walitajiwa msimu. Baada ya mavuno mmoja alileta debe la mahindi, mwingine jogoo, mwingine matobolwa ya kula njiani, na asiye na kitu alijitolea kwenda kupika. Safari ikawekwa Juni, mwezi ambao hata msafara wa pembe ungeuchagua. Walikwenda watoto wote. Kisiwani waliona mamba, tumbili, na pimbi waliojaa juu ya mawe, wakawaandika wote. Tembo hakuwapo, nao wakaliandika hilo pia.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo, kila badiliko na sababu yake njema. Barabara ya Tabora kwenda Manyoni kupitia Itigi ikawekwa lami. Kipande chake cha mwisho, Nyahua hadi Chaya, kilizinduliwa Mei 2022, na waliokuwa wakiitegemea treni wakahamia kwenye basi. Mwaka 2016 elimumsingi ikawa bila malipo, na michango shuleni ikawa jambo la kibali na hiari. Mei 2017 basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni Karatu, watu 35 wakafariki, na tangu siku hiyo hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayetia saini ya safari bila kumfikiria dereva, breki na saa ya kuondoka. Kisha, mwaka 2022, filamu ya Royal Tour ikamfanya kila mzazi mwenye simu atamani mwanawe aione Serengeti.

Mwandishi naye aliitamani. Alipanga safari hiyo kwa uangalifu wake wote: vibali, basi lililokaguliwa, madereva wawili, marufuku ya kutembea usiku, fedha za hifadhi kulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Alipopiga hesabu aligundua jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kiingilio cha mtoto wa Kitanzania kilikuwa shilingi 2,000 kabla ya kodi. Getini ndipo penye bei rahisi. Kinachomshinda mkulima wa Igalula ni mamia ya kilomita za mafuta, kulala na kula, kwenda na kurudi.

Darasa lilikuwa na watoto tisini na wawili. Waliolipa walikuwa ishirini na saba.

Alisimama mlangoni mwa basi kabla jua halijachomoza, akagusa vichwa ishirini na saba. Wengine walikuwa wameamka pia. Walijipanga kando ya ua wa shule wakiwa na sare zao, kimya, na basi lilipoondoka wakapunga mikono kama waliotumwa kuaga. Huko Serengeti watoto walimwona tembo, tena kundi zima, na walipiga kelele za furaha ambazo hatazisahau. Lakini kila alipofumba macho usiku ule aliuona ule ua.

Mwaka uliofuata alianza daftari kwa namna nyingine. Hakuandika mahali kwanza, aliandika majina, yote. Halafu akatafuta safari inayoyatosha. Ikapatikana Tabora, ya kwenda na kurudi siku moja: Chuo cha Nyuki, bustani ndogo ya wanyama ya mjini, kisha Kwihara, kusimama uani na kutazama mashariki. Wiki mbili kabla ya safari aliwapeleka porini nyuma ya kijiji kwa miguu, wakiongozwa na mzee mmoja mrina asali. Mzee aliwaonyesha miti ya mtundu na mninga, akawaeleza nyuki anapenda ua lipi mwezi gani. Akawaambia pia kwamba zamani mzinga wake wa kwanza ulikuwa hapohapo jirani na nyumba, ila sasa anatembea nusu siku kuufikia mti unaofaa, kwa kuwa miti mingi imeishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku.

Ugalla imebaki ukurasa wa mwisho wa daftari. Lilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, na mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Lipo mkoani mwao, na hufikiwa kwa usalama kiangazi tu, kabla mvua hazijaharibu njia. Mizinga ya shule sasa ni kumi na mmoja, na hesabu ya mafuta imeshaandikwa kwa penseli.

Mzee mrina asali alipopita shuleni kuleta nta, watoto walimsomea orodha ya safari hiyo. Alisikiliza mpaka jina la mwisho. Akasema babu yake mzaa baba alikwenda Bagamoyo mara mbili na pembe begani. Yeye mwenyewe ujanani aliziona nyayo tu, mwenye nyayo hakumkuta.

"Mwalimu," akauliza, "hapo chini pana nafasi?"

Palikuwa na mstari mmoja. Akaandikwa.