Mpiga Video wa Harusi Aliyejifunza Kuzima Taa

Kama umehudhuria sendofu yoyote Dar miaka hii ya karibuni, unamjua mtu wa aina yake hata kama hujawahi kumuuliza jina. Ni yule jamaa wa fulana nyeusi, begi mgongoni, kamera mkononi, na juu ya kamera kuna taa kali kama ya pikipiki. Akikusogelea ukiwa na kipande cha ndafu mdomoni huna pa kujificha. Kesho yake sura yako iko kwenye status za ukoo mzima, macho umeyafumba nusu, mafuta yanang'aa kidevuni.

Huyu wa leo anakaa Tabata, anakaribia miaka 30, na kamera si yake. Anaikodi kwa siku. Kwa muda mrefu alikuwa maarufu kwa mbwembwe: droni juu ya ukumbi, slomo bi harusi anapogeuka, kamera kuzunguka keki mara tatu, rangi zimekolezwa mpaka nyasi zinaonekana kama zimepakwa kucha. Wateja walipenda. Yeye mwenyewe ndiye alianza kuchoka, na chanzo cha kuchoka kwake ni mzee mmoja wa Kiingereza ambaye hajawahi kukutana naye na pengine hatakutana naye.

Stori yao ilianzia kibanda umiza. Jamaa alikuwa bado sekondari, kiingilio sh. 200, mabenchi ya mbao, joto la kufa mtu. Ilikuwa inaonyeshwa Skyfall, ile James Bond ya mwaka 2012, na kama kawaida kulikuwa na mtafsiri juu yake anayeongea bila kituo, anamwita Bond "mtoto wa mama" na anatabiri nani atakufa. Ikafika ile sehemu ya Shanghai. Usiku, jengo refu la vioo, matangazo ya taa yanaogelea ukutani, likiwemo la samaki yule laini anayeelea baharini kama mwavuli. Watu wawili wanapigana, na kinachoonekana ni maumbo mawili meusi tu mbele ya mwanga wa buluu. Hakuna sura wala jasho. Kamera haihangaiki kuwafuata kila ngumi, inasogea polepole na kuangalia, shoti moja mpaka ugomvi unakwisha.

Mtafsiri akanyamaza. Mtu ambaye alikuwa hajafunga mdomo kwa saa nzima alikosa cha kuongeza. Kibanda kizima kikawa kimya. Miaka mingi baadaye jamaa anasema ule ukimya ndio anaoukumbuka kuliko filamu yenyewe. Nani aliupanga?

Jibu alilipata kwenye majina ya mwisho, yale yanayopita wakati watu wameshainuka wanatafuta ndala zao: Roger Deakins.

Kuanzia hapo bando lilianza kuisha haraka. Akagundua kwamba Deakins alizaliwa mwaka 1949 Torquay, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uingereza. Kwamba alisomea usanifu wa michoro, na alipoomba nafasi chuo cha taifa cha filamu mara ya kwanza alitoswa. Hakwenda kulia kwa mtu. Akatumia muda ule kupiga picha za kawaida za watu wa vijijini huko Devon, wakulima na maonyesho yao ya mifugo, halafu akaomba tena akapokelewa. Akaanzia kwenye filamu za maisha halisi, zikiwemo za vita vya Zimbabwe na Eritrea. Ukishika kamera mahali ambapo watu wanapoteza ndugu zao, unajifunza mapema kwamba kuna muda wa kusogea karibu na kuna muda wa kubaki mlangoni.

Na kumbe mzee huku kwetu si mgeni. White Mischief ya mwaka 1987, ile ya mauaji ya bwana mkubwa wa Kiingereza nje kidogo ya Nairobi mwaka 1941, kamera ilikuwa yake, na ilipigwa Kenya. Kisha ikaja Mountains of the Moon ya mwaka 1990, safari ya Burton na Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile. Stori yenyewe inapita kwenye ardhi yetu, kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika, na hiyo nayo Kenya ilikuwa mojawapo ya maeneo ya kuipiga. Jamaa alipojua hilo alifurahi kama mtu aliyeambiwa mchezaji wa Ulaya aliwahi kula mihogo Coco Beach.

Lakini kilichomshika ni kazi. Chukua No Country for Old Men, ya mwaka 2007. Mwanamume amekaa gizani kwenye chumba cha hoteli, ana bunduki, anajua anawindwa. Unachoonyeshwa ni mstari wa mwanga chini ya mlango. Vivuli vya miguu vinakuja, vinasimama, vinaondoka. Halafu taa ya korido inazimika na ule mstari unapotea. Basi. Filamu yenyewe karibu haina muziki. Hakuna kinachokuambia uogope, ila utajikuta umeshika mto.

Au The Assassination of Jesse James ya mwaka huohuo. Usiku wa msituni, majambazi wanasubiri treni. Inakuja, na taa ya treni yenyewe ndiyo inayowaumba: miti inatoka gizani mmoja mmoja, vivuli vinatembea ardhini, watu wanaonekana sekunde chache na kumezwa tena. Mwingine angemwaga taa ya buluu kila kona na kuiita mbalamwezi. Au Sicario ya mwaka 2015, askari wanashuka kwenye mteremko jua likiwa limeshazama, weusi tupu mbele ya kipande cha anga kilichobaki, na mmoja baada ya mwingine wanazama kwenye giza kama wanaingia majini.

Usidhani kufanya kidogo ni rahisi. Kwenye 1917, ile ya vita vya kwanza vya dunia iliyounganishwa ionekane kama shoti moja, kuna kanisa linaungua usiku na mwanga wake unatapakaa mji mzima. Mtazamaji anaona moto mmoja. Nyuma ya moto huo kulikuwa na mnara mkubwa wa taa uliojengwa kwa ajili hiyo. Na kwa sehemu za mchana walihitaji mawingu ili mwanga usibadilike kati ya kipande na kipande, kwa hiyo jua likitoka, kamera inasubiri, waigizaji wanaendelea kufanya mazoezi. Fikiria unamwambia MC wa Dar kwamba keki isikatwe kwanza, tunasubiri wingu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Deakins mara nyingi amesema kwamba picha ya kupendeza tu si lazima iwe picha nzuri ya filamu, na kwamba mtazamaji akianza kuisifu picha badala ya kuifuata stori, kuna kitu hakijakaa sawa. Ndiyo maana, wengine wanadhani, tuzo zilimchelewea. Aliteuliwa Oscar mara 13 na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 2008 aliteuliwa kwa filamu mbili kwa mpigo, na bado akapewa mtu mwingine. Alikuja kushinda mwaka 2018 kwa Blade Runner 2049, kisha 2020 kwa 1917. Katika miaka yote hiyo hakuanza kupiga mbwembwe ili aonekane.

Jamaa wa Tabata aliamua kujaribu. Akaenda Kariakoo akanunua mita tano za kitambaa cheupe cha pamba, kama merikani, maana alisoma kwamba mzee anapenda kurusha mwanga kwenye kitambaa kwanza ndipo umfikie mtu, ushuke laini, usimchome machoni. Akaanza kutumia taa zilizopo chumbani, balbu ya mezani, dirisha, mlango ulio wazi. Akajilazimisha kuhesabu mpaka kumi kabla ya kuisogeza kamera. Rafiki zake wakamcheka. "Kaka, unapiga harusi au unalinda geti?"

Kisha ikaja kazi ya Mbagala. Sendofu ya binti wa kwanza wa nyumba, kamati nzito, michango imechangwa kweli kweli. Asubuhi jamaa alifika nyumbani kwa bi harusi kupiga maandalizi. Chumbani kulikuwa kama sokoni: wasusi, mashangazi, vigelegele, watoto wanakanyaga nguo. Akatoka kidogo kupumua, ndipo akamwona baba.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda koridoni, peke yake, anapiga kiatu rangi. Umeme ulikuwa umekatika, mwanga uliokuwepo ni wa mlango wa uani tu, unampiga upande mmoja. Kiatu kilikuwa kimeshang'aa. Vigelegele vikipanda chumbani, mkono wa mzee unasimama, anageuza shingo kidogo kuelekea kule, anasikiliza. Vikishuka, anarudi kwenye kiatu kilekile.

Jamaa wa zamani angewasha taa ya kamera, angemzunguka mzee, angemwambia "Baba, hebu tabasamu kidogo." Safari hii alibaki pale mlangoni. Akazima taa, akaegemea ukuta ili mkono usitikisike, akaacha kamera iangalie. Dakika moja na sekunde kadhaa. Mzee hakujua.

Alipohariri, aliiweka ile dakika karibu na mwanzo, nzima, bila muziki. Sauti ilikuwa ya brashi na ya vigelegele kwa mbali.

Kamati ilipoitazama, simu ikaita. Alikuwa shangazi wa bi harusi, mwenye kushika hela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa hii video mbona imepoa hivi? Halafu baba wa watu umemwonyesha gizani na singlendi, kama mlinzi! Wakwe watatuelewaje?"

"Mama, ile sehemu niliiacha makusudi, ina..."

"Makusudi! Mwanangu, sisi tumelipia watu wapendeze. Rekebisha, ndipo nikumalizie hela yako."

Hela iliyobaki ilikuwa sh. 350,000. Kodi ya chumba ilikuwa imeshapita tarehe, na mwenye kamera alikuwa anadai siku mbili za nyongeza. Hapa ndipo stori za kutia moyo huwa zinasema kijana alikomaa na msimamo wake. Hakukomaa. Alikaa mbele ya kompyuta mpaka usiku wa manane, akaikata ile dakika, akaweka slomo ya gauni, akaweka droni, akaweka wimbo. Asubuhi akatuma. Mchana hela ikaingia.

Alijisikia vibaya, na hakuwa na mtu wa kumlaumu. Shangazi hakukosea. Watu wamechanga mwaka mzima ili siku ile ing'ae, na yeye amewaletea korido yenye giza. Deakins ana muongozaji anayemwelewa na bajeti ya kusubiri wingu. Yeye ana kamati. Usiku ule alianza kufikiri kwamba labda utulivu ni anasa ya walioshiba.

Baada ya wiki tatu akapata ujumbe wa WhatsApp, namba ngeni, saa tano usiku. Alikuwa bi harusi mwenyewe, sasa yuko kwa mume wake Mwanza. Mdogo wake alikuwa ameiona ile video ya kwanza kwenye simu ya shangazi kabla haijafutwa, akamsimulia.

"Kaka samahani kwa usumbufu. Ile sehemu ya baba naomba unitumie kama ilivyokuwa. Baba siku ile hakuniambia kitu chochote. Nilijua amekasirika."

Bahati nzuri alikuwa hajafuta. Akamtumia. Alama mbili za buluu zikatokea, halafu kimya kwa muda mrefu. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: "Asante. Nimempigia."

Jamaa hajui waliongea nini, na hakuuliza.

Haikumbadilishia maisha. Kamera bado anakodi. Shangazi yule hajampa kazi nyingine. Wapo wateja wawili watatu waliokuja kwake wakisema wanataka video isiyo na fujo, lakini wengi bado wanauliza swali la kwanza lilelile: "Droni ipo?" Ipo. Anairusha, maana wamelipia, na keki anaizunguka kama walivyotaka.

Ila siku hizi ana utaratibu wake. Anafika nusu saa kabla ya muda, anapita kila chumba taa ya kamera ikiwa imezimwa, anaangalia mwanga unaingilia wapi na nani amekaa peke yake. Akipata hicho kitu anakipiga kimya kimya, hakiweki kwenye video ya kamati. Anakihifadhi pembeni, anaandika jina la familia na tarehe. Faili limeshajaa: bibi anakunja kanga, bwana harusi anafunga tai mara ya nne, mtoto amelala kwenye viti vya plastiki muziki ukiwa juu. Hakuna aliyevilipia. Anasubiri tu, siku yoyote, namba ngeni saa tano usiku.

Na wewe, kwenye video ya harusi ya kwenu, kuna sekunde gani ambayo huwa unairudisha nyuma uitazame tena? Na je, mpiga video alikuwa ameielekezea kamera, au iliingia kwa bahati tu?