Kakao ya Beni na Peremende za Noeli

Mtu atokaye Butembo kwenda Beni husafiri kilometa kama 54 tu, lakini hubadilisha hewa kabisa. Mji wa Butembo umejengwa juu ya vilima, meta 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na ijapokuwa Ikweta iko karibu kabisa, asubuhi watu huvaa makoti. Njia hupita Maboya na Kabasha ikizidi kushuka, joto laongezeka, na kabla ya kuingia Beni msafiri aanza kuona chini ya kivuli cha miti mikubwa mti mwingine mfupi, wenye majani mapana yaning'iniayo. Matunda yake hayaoti kwenye vitawi kama embe. Hushikamana na shina lenyewe, mengine ya manjano, mengine mekundu, kana kwamba mtu ameyabandika kwa mkono. Ndiyo kakao.

Mti huu si mgeni katika Kongo, lakini katika wilaya ya Beni ulipata nguvu hasa baada ya mwaka 2000. Kabla yake kahawa ndiyo iliyosomesha watoto na kujenga nyumba za bati. Ugonjwa wa mnyauko ukaikausha mikahawa shamba kwa shamba, na wakulima wakashika kakao. Leo mashamba yako pande za Mbau, Oicha na Eringeti, Mangina, na bonde la Semuliki chini ya milima ya Ruwenzori. Magunia huvuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda, yafika bandarini, kisha Ulaya na Asia, na huko mbegu zageuka chokoleti. Sukari nayo hupita mpaka huo huo wa Kasindi ikija kwetu. Vitu viwili vipishanavyo njiani kila siku, na ni nyumba chache mno za Butembo zilizopata kuviweka katika chungu kimoja!

Watu hupenda kusema ya kwamba mtoto wa mkulima wa kakao hajui utamu wa kakao. Si kweli yote. Kila mtoto wa Mbau amevunja tunda, akafyonza ute mweupe unaofunika mbegu, mtamu wenye uchachu kidogo, kisha akatema mbegu. Asilolijua ni mbegu ile aliyoitema.

Tena chakula hiki kina habari ndefu katika Kanisa. Wenyeji wa Meksiko walikunywa kakao kwa pilipili karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Kinywaji kilipoingia nchi za Wakristo, wanateolojia walibishana kama mtu akinywa chokoleti amevunja mfungo wa Kwaresima au la, na mwaka 1664 Kardinali Brancaccio alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, akiwatetea wanywaji. Wanafunzi wa seminari wasomao habari hii hufurahi sana. Nadhani hufurahi zaidi wale waliofunga asubuhi hiyo.

Sasa nieleze kazi inavyofanyika, nilivyoionyeshwa na mama mmoja wa Butembo, ambaye hutengeneza vitamutamu hivi kila Desemba kwa ajili ya watoto wa jumuiya yake. Hana mashine. Ana chungu, ungo, kinu na jiwe la kusagia.

Kazi ya kwanza si yake, ni ya mkulima. Mbegu zikitolewa katika tunda huvundikwa siku tano hadi saba, ndani ya sanduku la mbao au chini ya majani ya migomba, na kugeuzwageuzwa. Ute huchacha, lundo lapata moto, na ndani ya mbegu uchungu wapungua na harufu ya chokoleti yaanza kuzaliwa. Baadaye huanikwa juani karibu juma zima. Mbegu isiyovundikwa ukiikata ni ya rangi ya zambarau, ngumu, na uchungu wake haushindwi kwa sukari yoyote. Kwa hiyo mama huyu hanunui kabla ya kukata mbegu kadhaa kwa kisu na kutazama moyo wake.

Akisha kuchagua, huzikaanga katika chungu kikavu juu ya moto mdogo, akikoroga bila kupumzika, kwa muda wa nusu saa hivi. Maganda yaanza kupasuka na kulia kama mahindi, na harufu yafika hata kwa jirani. Zikipoa huziponda kidogo kwa mikono na kupeta maganda. Kilo moja ya mbegu hubakiza gramu 750 au 800. Hapo ndipo kinu na mchi. Mgeni hutazamia unga, akashangaa kuona uji mzito mweusi. Maana nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta, nayo huyeyuka kwa joto la kutwanga tu. Uji huo husagwa tena juu ya jiwe lililopashwa moto, kwa saa nyingi. Watoto hupokezana. Chokoleti yake haiwi laini kama ya dukani. Chembe za sukari zasikika menoni. Mimi naipenda hivyo.

Nanaa ndiyo inayofanya kitu hiki kiwe cha Noeli. Huota vizuri katika baridi ya Butembo, karibu na mahali pa kumwaga maji. Neno letu peremende, tunalowaambia watoto kwa kila kitamutamu, lilitoka katika jina la Kiingereza la nanaa ya namna moja, ile ipoozayo kinywa. Basi mama huyu hulirudishia neno maana yake. Lakini hathubutu kutia majani mabichi. Kakao iliyoyeyuka na maji havipatani: matone machache tu, na uji wote waganda na kuwa kama udongo mkavu. Hukausha nanaa kivulini, huitwanga pamoja na sukari mpaka iwe vumbi la kijani, huichekecha, ndipo huichanganya. Kipimo chake ni vikombe viwili vya kakao iliyopetwa kwa kikombe kimoja na nusu cha sukari. Mwishoni humimina juu ya sahani iliyopakwa mafuta kidogo, na usiku wa Butembo hufanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa na friji.

Nilipomwuliza kazi gani ni ngumu kupita zote, nilidhani atasema kusaga. Alisema, “Kununua, Mwalimu.”

Jibu hilo lataka kuelezwa. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa vijijini na mashambani, na kundi la waasi liitwalo ADF ndilo linalotajwa kuliko yote. Pande za Mbau, Kamango na Eringeti watu wameziita pembetatu ya mauti. Matunda ya kakao hayangoji amani. Mkulima hujua yameiva, na hujua ni nani aweza kuwa amejificha nyuma ya miti. Wengi wameuawa panga la kuvunia likiwa mkononi. Wengine wamekimbia, na mashamba yao huvunwa na watu wasioyapanda: wezi wa kawaida, na wenye silaha pia. Bei ilipopanda duniani, hata kupita dola 12,000 kwa tani Desemba 2024, tamaa nayo ilipanda; mwaka 2025 bei ikashuka hadi karibu nusu yake, lakini wizi haukushuka hivyo.

Hofu yaingia hata katika ladha. Mwenye shamba aogopaye kulala huko hawezi kungoja siku sita za kuvundika. Huvuna mbio, huuza mbegu zikiwa mbichi, au huzianika upesi. Mwizi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ile mbegu ya zambarau aikataayo mama kwa kisu mara nyingi ni ya mtu aliyekuwa na haraka, na haraka ya namna hiyo ina sababu.

Lakini kisu hakitofautishi mwenye hofu na mwizi. “Nikinunua ya bei rahisi sokoni,” alisema, “nitajuaje kama si ya yule mjane akaaye kwa dada yake hapa mtaani, ambaye shamba lake liko Oicha? Nimpe mtoto wake peremende iliyotoka katika shamba lao lililoibwa?” Basi hununua kwa watu awajuao majina na mashamba, hata wakizidisha bei, na mwaka ambao hawakupata kuvuna hatengenezi. Jirani zake wengine humwona mkali kupita kiasi, wakisema mbegu iliyokwisha kuibwa haitarudi mtini. Mimi naona ana haki. Amri ya saba haisemi kwamba kilo moja ni kidogo.

Februari 2023, Papa Fransisko alipokutana Kinshasa na watu wa mashariki walioteswa na vita, kijana mkulima wa Eringeti aliweka chini ya Msalaba silaha ya makali ya namna ile iliyomwua baba yake. Waliomwona huko Beni hawakuhitaji kufasiriwa. Hata siku yenyewe ya Noeli haikuachwa: tarehe 25 Desemba 2021 bomu lililipuka katika mkahawa mjini Beni na kuua watu wasiopungua sita waliokuwa wakisherehekea. Oktoba 2022 huko Maboya, njiani hapo hapo tulipopita, kituo cha afya kilishambuliwa na sista aliyekuwa daktari akauawa.

Nisisahau kwamba wako wanaojaribu kwa njia kubwa zaidi. Hifadhi ya Virunga ilijenga kiwanda cha chokoleti Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kwa umeme wa mito ishukayo mlimani, ili mbegu zisiondoke zote mbichi na vijana wapate kazi isiyo ya bunduki. Ni jambo jema. Lakini kipande cha kiwanda kina bei yake, na watoto wa jumuiya ni wengi.

Mama huyu hukata vipande vidogo, kimoja kwa kila mtoto, pamoja na watoto wa wakimbizi ambao hawakuandikwa katika daftari lolote. Huvigawa karibu na Pango baada ya Misa. Mahali penye hofu Misa ya mkesha husaliwa mapema, kabla ya giza. Vingine hupelekwa Beni kwa jamaa zake. Chokoleti ya nyumbani huanza kulainika kwa joto la mchana wa kule, basi huvifunga ndani ya jani la mgomba, kisha karatasi, na kumpa mwendesha pikipiki aondokaye alfajiri, akimwagiza asisimame juani hata akiona marafiki.